Kifua Si Cheti

Mwezi Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi lilianza Gredi ya 10. Ni watoto zaidi ya milioni 1.1 waliofanya mtihani wa kumaliza sekondari ya chini mwaka 2025, na kila mmoja alitakiwa kuchagua njia moja kati ya tatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mzozo mkubwa umekuwa juu ya madarasa, walimu na karo. Lakini hiyo njia ya tatu ina swali lake ambalo halijapata wasemaji. Serikali imemwambia mzazi kwamba michezo na mazoezi ni elimu, na kwamba elimu hiyo ina kazi mbele yake. Je, mtoto huyo akifika kwenye soko la kazi atapimwa kwa alichosoma, au atapimwa kwa kifua chake?

Tuchukue mfano wa kijana wa Kithyoko. Msomaji wa Lamu, Garsen au Hola anayesafiri kwenda Nairobi kwa njia ya Garissa anaujua mji huo hata kama jina limempita. Ni soko la kando ya barabara kuu ya Garissa kwenda Thika, ukishapita Mwingi na kabla ya kufika Matuu, katika eneo la Masinga, kaunti ya Machakos. Bwawa la Masinga liko upande huo huo, na maji ya Tana yanayokusanywa pale ndiyo yanayoteremka mpaka Kipini. Kwa hiyo si ugenini sana. Ni nchi kavu, ya ndengu na mbaazi, ambako maji hufuatwa mbali na punda ni mwenzake mtu.

Kijana wa huko hahitaji kufundishwa kwamba mwili hufanya kazi. Amebeba mitungi, amelima, amechimba mchanga. Na kama vijana wengine kote nchini, kuanzia Kisauni hadi Kayole, anajua kutengeneza vyuma vyake mwenyewe: mikebe miwili ya rangi, saruji, na kipande cha bomba katikati. Akipenda mazoezi zaidi ya hapo, akasoma kozi, akajua misuli inavyofanya kazi na mgonjwa wa sukari anavyotakiwa kufanyishwa mazoezi, atataka kazi. Kazi ziko Nairobi, Mombasa, Diani, Machakos mjini. Na huko ndiko atakakokutana na mtihani ambao haukuwa kwenye silabasi.

Mtihani wenyewe

Mtihani huo hauandikwi popote. Anayeajiri humtazama mwombaji kuanzia mabegani hadi tumboni, na huko ndiko usaili unakomalizikia. Wengine huomba picha kabla ya vyeti. Fungua mtandao wowote wa kijamii utazame matangazo ya jimu: utaona mkono uliofura mishipa, tumbo lililogawanyika vipande sita, na msichana aliyebana kiuno. Ni nadra kuona tangazo linalosema mkufunzi wetu amesomea wapi, au kwamba anajua la kufanya mteja akianguka.

Mwenye jimu ana hoja yake, nasi tuisikilize. Yeye ni mfanyabiashara. Anajua Waswahili tumesema kizuri chajiuza. Mteja anayeingia mlangoni na kitambi chake hataki kusomewa somo la fiziolojia. Anataka kuona mtu aliye vile ambavyo yeye angependa kuwa. Mwili wa mkufunzi unakuwa ndio bango la duka. Na bango likichakaa, hubadilishwa.

Hapo ndipo penye shida. Ukigeuza mwili wa mfanyakazi kuwa bango, umemwajiri mtu kwa kitu ambacho hana uhakika nacho hata yeye mwenyewe. Mwili huugua. Mwili huzaa. Mwili huvunjika mguu, hufunga Ramadhani, hufika miaka arubaini na mitano. Mwalimu wa hesabu akinenepa kilo kumi bado anajua hesabu. Mkufunzi wa mazoezi akinenepa kilo kumi, ujuzi wake uko pale pale, lakini wateja huanza kunong'ona, na wengi wa wakufunzi hawa hulipwa kwa kichwa cha mteja, bila mshahara wa mwezi. Mnong'ono tu unamkosesha kodi ya nyumba.

Mwili uliosifiwa jana

Kinachotakiwa kukumbukwa ni kwamba umbo tunaloambiwa leo kuwa ndilo la afya halikuteremka kutoka mbinguni. Sisi wa Pwani tunajua. Kwa bibi zetu, bibi arusi alitakiwa awe na mwili. Mwali aliyetoka ndani akiwa amekonda, watu waliuliza kwao kulikuwa na nini. Mume aliyenenepa baada ya ndoa alikuwa sifa ya mkewe.

Ukambani nako wembamba una kumbukumbu yake. Ukame wa mwaka 1984 wanauita Nikw'a Ngwete, maana yake mtu anakufa na pesa ameshika mkononi, kwa kuwa chakula cha kununua hakikuwepo. Mzee aliyepita katika mwaka ule, ukimwambia kwamba leo mjukuu wake analipa pesa ili apungue, atakutazama mara mbili. Na ukienda Uganda, katika miaka ya 1980 UKIMWI ulipoingia Rakai na Masaka, watu waliupa jina la Slim, yaani wembamba. Kwa miaka mingi baada ya hapo, Afrika Mashariki nzima, mtu aliyekonda alitazamwa kwa jicho la shaka, na aliyenenepa alipumua.

Ndani ya kizazi kimoja mizani imepinduka. Sababu mojawapo ni ya kweli na haifai kubezwa. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu, KDHS, wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 33 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 45 kwa wanawake wa miaka 20 hadi 49, na asilimia 19 kwa wanaume. Makundi ya umri hayalingani sawasawa, lakini mwelekeo hauna mjadala. Pamoja na uzito huo huja shinikizo la damu na kisukari, na hakuna nyumba Mombasa isiyokuwa na mmoja anayemeza dawa ya kimojawapo. Nchi hii inahitaji watu wengi wanaojua kufundisha mazoezi. Ndiyo maana ni hasara kubwa kuwachagua kwa macho.

Bei anayoilipa mkufunzi

Tuanze na wanaume. Misuli ya kawaida hujengwa polepole, kwa miaka, na ina kikomo ambacho kila mtu amezaliwa nacho. Soko halisubiri. Kijana anayeambiwa kwamba hajajaa vya kutosha ana njia za mkato mbele yake, na ya hatari zaidi ni steroidi: homoni za kiume za kutengenezwa, za vidonge na sindano. Kazi yake inajulikana, na madhara yake pia yanajulikana. Hulemaza moyo, huumiza ini, hupandisha presha, husinyaza korodani na kupunguza mbegu za uzazi, huotesha matiti kwa mwanamume, na hubadilisha hasira za mtu. Mwanariadha wa Kenya akizitumia kuna Sheria ya Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli ya 2016 na kuna shirika la ADAK la kumpima. Mkufunzi wa jimu hapimwi na yeyote, kwa sababu hashindani mbio. Anashindana na picha.

Na picha zenyewe mara nyingi ni za uongo. Kuna Mmarekani mmoja, Brian Johnson, aliyejipatia mamilioni ya wafuasi kwa jina la Liver King. Alitembea kifua wazi akiwaambia watu kwamba siri ya mwili wake ni kula maini mabichi na kuishi kama watu wa kale, huku akiuza vidonge vya virutubisho. Desemba 2022, baada ya barua pepe zake kuvuja, alikiri kwenye video kwamba alikuwa akitumia steroidi. Barua hizo zilionyesha gharama ya zaidi ya dola 11,000 kwa mwezi. Vijana waliomwamini walikuwa wakila maini. Waswahili tuliyamaliza haya zamani: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa wanawake bei ni nyingine. Mkimbiaji wa Marekani Mary Cain, aliyekuwa kipaji cha ajabu tangu shuleni, alieleza mwaka 2019 kupitia gazeti la New York Times jinsi alivyoshinikizwa apunguze uzito, apunguze tena, katika mradi wa mafunzo wa kampuni ya Nike chini ya kocha Alberto Salazar. Alikosa hedhi kwa miaka mitatu na akavunjika mifupa mitano. Tangu 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imeipa hali hiyo jina la kitaalamu: mwili unaofanyishwa kazi kuliko chakula unachopewa huanza kujikata wenyewe, kuanzia homoni hadi mifupa. Huyo alikuwa na madaktari na kocha wa hadhi ya dunia karibu naye. Msichana anayeongoza darasa la erobiki saa kumi na mbili asubuhi na lingine saa moja usiku, akinywa kahawa tupu ili kiuno kisiongezeke, yuko peke yake.

Kisha kuna uzazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwanamke aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi na mshahara kamili, na inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ujauzito. Lakini mkufunzi anayelipwa kwa kamisheni haipati likizo hiyo kwa urahisi, na akirudi anakuta swali lisilosemwa kwa mdomo: tumbo litarudi lini? Kazi yake ni kuwafundisha wanawake, na wengi wao wamezaa. Hivi nani angewafaa zaidi ya yeye, ambaye mwili wake umepita njia hiyo hiyo? Soko linamtoa kazini wakati ule ambao ana mengi zaidi ya kufundisha.

Mkufunzi mwenye buibui

Sisi Waislamu wa Pwani tuna upande wetu katika jambo hili. Katika miji yetu kuna wanawake wanaofundisha wanawake wenzao, katika ukumbi uliofungwa mlango, kwa saa maalumu, simu zikiwa zimewekwa kando. Mkufunzi wa aina hii hawezi kujitangaza kwa tumbo lake. Hana picha ya kabla na baada. Katika soko linalosema kwamba mwili ndio cheti, yeye hana cheti cha kuonyesha.

Lakini tazama anavyopata wateja. Mama mmoja humwambia mwenzake arusini au maulidini kwamba fulani ana subira, hamchekeshi mtu, ukimwambia goti linauma anakubadilishia zoezi. Goti limepona, sukari imeshuka, ngazi anapanda bila kuhema. Anasifiwa kwa kazi yake. Bila kukusudia, wanawake hawa wamegundua kipimo kilicho bora kuliko cha wenye kamera. Wameangalia kilichowapata wanafunzi, wakamwacha mwalimu na mwili wake.

Dini nayo imetangulia kutufundisha. Imepokewa kwamba Maswahaba walicheka walipoiona miundi myembamba ya Abdullah bin Mas'ud (R.A.), naye Mtume (S.A.W.) akawaambia kwamba miguu ile kwenye mizani ni mizito kuliko mlima wa Uhud. Na ni Mtume huyo huyo aliyemkumbusha Abdullah bin Amr, alipozidisha kufunga na kusimama usiku, kwamba mwili wake una haki juu yake. Mambo mawili hayo yakae pamoja: mwili una haki ya kutunzwa, na hakuna ruhusa ya kumpima mtu thamani kwa muundi wake. Anayejidunga sindano ili apendeze ameuvunjia mwili haki yake. Anayemcheka mkufunzi mnene amelisahau la pili.

Kwani mganga hajigangi?

Najua atakayesimama kupinga. Atasema: nitamwaminije mtu anayenifundisha kupungua na yeye mwenyewe hajapungua? Kinyozi mwenye nywele timutimu, nani atampa kichwa? Ni swali la haki. Ila Waswahili tuliposema mganga hajigangi tulikuwa tunakiri jambo: ujuzi wa kumtibu mwingine na hali ya mwili wa mwenye ujuzi ni vitu viwili.

Tunachopaswa kumdai mkufunzi ni uwezo. Anaweza kufanya analofundisha? Anaweza kulionyesha kwa usahihi, akaliongoza darasa saa nzima, akamkamata mteja anayetaka kuangukiwa na chuma? Hayo yanapimika. Umbo halituambii hayo. Machakos yenyewe ni shahidi. Cosmas Ndeti, mtoto wa Machakos, alishinda marathoni ya Boston mara tatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Patrick Makau, mzaliwa wa upande wa Kangundo katika kaunti hiyo hiyo, alivunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka 2011 kwa saa 2:03:38. Hakuna moyo na mapafu yaliyofunzwa kuliko ya watu hawa. Sasa mwambie mmoja mwenye mwili wa namna hiyo, mwembamba, asiye na kifua cha kujaza fulana, bila jina lake, aende akaombe kazi kwa kumtegemea mtazamaji. Ataambiwa akale kwanza.

Na kwa upande wa pili wa mizani, San Francisco iliamua kesi hii zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Jennifer Portnick, mwanamke wa kilo karibu 109, alikuwa amefanya erobiki kwa miaka mingi na akataka kuwa mkufunzi wa kampuni ya Jazzercise. Mwaka 2001 alikataliwa: sharti la kampuni lilikuwa mkufunzi aonekane mwembamba kuliko watu wa kawaida. Hakuna aliyesema kwamba hawezi kazi. Jiji la San Francisco lilikuwa limepitisha mwaka 2000 kanuni inayokataza kumbagua mtu kwa uzito au urefu, naye akapeleka malalamiko kwa tume ya haki za binadamu ya jiji. Mwaka 2002 kampuni iliondoa sharti hilo, ikikubali kwamba watu wa uzito mbalimbali wanaweza kuwa na siha. New York nayo ilipitisha sheria kama hiyo mwaka 2023.

Sayansi haiko mbali na uamuzi huo, ingawa haifai kuivuta kupita inapofika. Utafiti wa Steven Blair na wenzake kule Dallas, uliochapishwa mwaka 1999, ulikuta kwamba wanaume wanene wenye siha nzuri ya moyo walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko wembamba wasiofanya mazoezi. Hiyo haisemi unene hauna madhara. Kisukari na presha vinafuata kilo, na kila daktari atakwambia hivyo. Inasema kwamba ukimtazama mtu kwa nje hujajua moyo wake uko vipi. Hata kile kipimo cha uwiano wa uzito na urefu kinachotumika kliniki kilianza kwa hesabu za Mbelgiji Adolphe Quetelet katika miaka ya 1830, aliyekuwa akitafuta wastani wa watu wengi. Hakukitengenezea kumhukumu mtu mmoja mmoja.

Sheria yetu inasemaje

Sheria ya Ajira haitaji uzito wala umbo katika orodha yake ya mambo yasiyoruhusiwa kumbagulia mtu. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa msingi wowote ule, kisha ndipo inataja mifano: jinsia, ujauzito, hali ya afya, umri, ulemavu, mavazi na mengineyo. Orodha haijafungwa. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini. Mlango wa mahakama uko wazi kwa atakayethubutu, ingawa kijana anayelipwa kwa kichwa cha mteja si rahisi aubishe.

Mtu atauliza: mbona jeshi hupima? Ni kweli. Matangazo ya KDF ya kuajiri makuruti huweka urefu usiopungua mita 1.60 na uzito usiopungua kilo 54.55 kwa wanaume. Lakini jeshi limeandika vipimo vyake wazi, kila mzazi anavisoma kabla ya kumtoa mtoto nyumbani, na baada ya mizani kuna mbio. Kijana wa Kithyoko akikataliwa na KDF anajua kwa nini. Akikataliwa na jimu anaambiwa tutakupigia.

Bei anayoilipa mteja

Aliyedhurika zaidi pengine ndiye huyu anayefikiri anafaidi. Mteja anayechagua mkufunzi kwa kifua ameacha kuuliza maswali ya kumlinda. Anayefundisha amesoma wapi? Anajua huduma ya kwanza? Amekuuliza kama una presha kabla hajakupandisha kwenye mashine? Anakupangia chakula na kukuuzia unga wa protini kwa idhini ya nani? Kenya ina Sheria ya Wataalamu wa Lishe ya 2007, na mtu haruhusiwi kujifanya mtaalamu wa lishe bila kusajiliwa. Muuguzi ana namba ya usajili, mtaalamu wa tibamaungo ana baraza lake. Kwa mkufunzi wa mazoezi tumeridhika na fulana iliyobana.

Zaidi ya hapo, kuna wale wasiofika mlangoni kabisa. Mama wa miaka hamsini mwenye kilo mia na kisukari ndiye hasa anayehitaji mazoezi. Akipita mbele ya jimu akaona bango la kiuno cha nyigu, anajua hapo si pake. Anaona haya. Anarudi nyumbani, au anatafuta njia za mkato na yeye: chai za kukondesha, sindano zinazouzwa kwa siri, kisu. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa kutoa mafuta mwilini, na baraza la madaktari, KMPDC, likaifunga kliniki hiyo. Angelikuwepo mkufunzi mwenye mwili kama wake, mwenye ujuzi na lugha ya upole, mama huyu wa bangoni huenda angeingia mlangoni. Kwa kumfukuza mkufunzi mnene, jimu imemfukuza mteja wake mkubwa kuliko wote.

La kufanya

Haya hayahitaji tume ya uchunguzi. Vyuo vya kiufundi vinavyofundisha ukufunzi wa mazoezi viweke mtihani wa vitendo unaopima uwezo wa kufundisha na kuokoa, na vyeti vyao vitambuliwe katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu. Kaunti, ambazo ndizo hutoa leseni za biashara, ziitake kila jimu ibandike ukutani vyeti vya wakufunzi wake, kama duka la dawa linavyobandika cheti cha mfamasia. Wenye jimu waandike masharti ya kazi: unatakiwa uweze nini, ukiumia itakuwaje, ukizaa itakuwaje. Sharti likiandikwa linaweza kupingwa. Likibaki kwenye jicho la bosi halipingiki.

Shule zitakazofundisha Sayansi ya Michezo nazo zina jukumu. Mtoto wa Gredi ya 10 yuko katika umri ambao mwili wake unabadilika kila mwezi na kioo ni adui. Ikiwa mwalimu ataanza kwa kuwapanga wenye miili na wasio na miili, tutakuwa tumelipeleka soko darasani. Afundishwe mapema madhara ya steroidi, kufunga kula kusiko na mpango, na uongo wa picha za mitandaoni.

Na sisi wateja tuanze kuuliza. Ukitembea alfajiri Mama Ngina ukakuta kikundi cha mazoezi, usimtazame kiongozi wao tumboni. Watazame walio nyuma yake. Mzee wa magoti mabovu anaendana na wenzake? Mwenye pumzi fupi ameambiwa apumzike? Wanarudi kesho? Ukiona hivyo, umempata mwalimu, awe mwembamba kama mkimbiaji wa Kangundo au mnene kama Portnick.

Kijana wa Kithyoko ataipanda gari la Mwingi au Garissa kuelekea Thika na Nairobi akiwa na vyeti kwenye bahasha ya kaki. Mzazi wake ameuza mbuzi kuvilipia. Atakayempokea mezani angalau aifungue bahasha kabla ya kumkagua mabega.